Kungwi wa Mjini Anajibu

Safu hii imezoea ndoa zinazoyumba na wachumba wasiojibu meseji. Wiki hii barua zote zinanuka maziwa, basi wenye wachumba wasubiri.

*Shikamoo Kungwi. Nimerudi kazini Posta, mtoto hajatimiza hata miezi 3. Nesi wa kliniki anasema anyonye tu, asipewe hata maji, mpaka miezi 6. Meneja anasema likizo imekwisha. Mama mkwe anasema uji mwepesi haujaua mtu. Nimsikilize nani? – Maziwa Tele, Kimara*

Marahaba, mwanangu. Msikilize nesi. Mama mkwe mwitikie "ndiyo mama", kisha huo uji unywe wewe, utie na pilipili manga.

Shida yako ni ya hesabu. Nesi anataka siku kama 180. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imekupa 84 zenye malipo. Zile 96 zilizobaki umeachiwa wewe na kifua chako. Ungejifungua mapacha ungepata 100, maana yake yule wa pili kaja na siku zake 16 mkononi.

Ila sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Meneja atakuambia hizo ndizo za chakula cha mchana. Mkatalie kwa sauti ile unayomkatalia konda anayetaka kukupitisha kituo. Lakini nakuonea huruma, maana aliyeandika hizo saa 2 hakuwaza foleni ya mwendokasi. Utoke Posta mchana, ufike Kimara, unyonyeshe, urudi? Utakuta ofisi imefungwa. Omba zote ziwekwe mwisho wa siku, utoke saa 9 badala ya saa 11, na uombe kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mchana kamua, usingoje titi liwe jiwe. Wala usikamulie chooni. Hicho ni chakula cha mtu.

*Kungwi, tangu tupate mtoto mke wangu hanijali. Akitoka kazini anamkumbatia mtoto, mimi ananisalimu kama jirani. Usiku mtoto analia na mimi asubuhi nina kazi, nimehamia sebuleni. Nishauri. – Baba Mpya, Kimara*

Kimara tena! Haya, kungwi hana kazi ya kuunganisha anwani.

Baba, mkeo naye asubuhi ana kazi. Wewe sheria ilikupa siku 3, uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na najua zilivyokwenda. Ya kwanza ulishinda kwenye korido ya wodi umeshika chupa ya chai. Ya pili ulipokea pongezi kana kwamba wewe ndiye uliyesukuma. Ya tatu ulilala. Baba wa Kenya anapewa wiki 2, lakini wewe ninavyokuona ungezilala zote.

Rudi chumbani. Kunyonyesha huwezi, nimekubali. Lakini mtoto akilia saa 8 usiku unaweza kumwinua, ukambadilisha nepi, ukampeleka kwa mama yake. Akimaliza kunyonya mpokee, mlaze begani, tandika kitambaa kwanza, mpigepige mgongo taratibu mpaka acheue. Mkeo kwa wakati huo atakuwa ameshalala. Fanya hivyo wiki nzima bila kumtangazia mtu, halafu uone kama bado atakusalimu kijirani.

*Kungwi, mfanyakazi wangu mmoja anaweka chupa za maziwa yake kwenye friji ya ofisi. Jana mhasibu kaitia moja kwenye chai. Sasa kazi haziendi, watu wanacheka, mhasibu anadai fidia. – Meneja, Posta*

Mhasibu hajawahi kunywa chai ya gharama kama ile, na anayedai fidia ni mtoto. Wewe nunua utepe na kalamu ya wino mzito, kila chupa iandikwe jina na saa. Kisha toa yale mafaili ya zamani kwenye kile chumba cha stoo, tia kiti, soketi na kitasa kinachofunga kwa ndani. Wenzako wa Kenya wanalazimishwa na Sheria yao ya Afya ya 2017 kutenga chumba cha kunyonyeshea. Wewe fanya kabla hujalazimishwa.

*Shikamoo Kungwi. Mimi ni dada wa kazi, mwaka wa pili sasa. Mama akienda kazini mtoto nashinda naye mimi, nampa maziwa kwa kikombe. Kila jioni mama anaongea kwenye simu habari za haki zake, mara siku 84, mara saa 2. Mimi nina mimba ya miezi 5. Hizo haki ni za watu wa ofisini tu? – Dada, Kimara*

Marahaba, mwanangu. Hii barua nimeisoma nimesimama.

Si za ofisini tu. Sheria ile ya 2004 inamhusu na mfanyakazi wa nyumbani, na wewe miezi 6 ya kazi umeshaipita. Siku zako ni 84, kwa mshahara. Ila unatakiwa utoe taarifa miezi 3 au zaidi kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha hospitali, kwa hiyo kliniki uende wiki hii, usingoje mwezi uishe. Barua andika fupi: jina lako, tarehe ya matarajio, siku unayotaka kuanza likizo, sahihi. Mpe mama jioni akishavua viatu, kabla hajashika simu. Akishtuka, mwambie akanushe mwenyewe yale anayomwambia meneja wake. Akiuliza nani atabaki na mtoto, mwonyeshe sebuleni, yuko mtu amelala pale.