Namna ya Kuiambia Pai "Imetosha"

Anzia nje, kwenye tangi. Tuseme uko Kabati, Kitui Magharibi, mvua ya Oktoba inanukia, na mamako anataka kujua tangi la kukinga maji ya paa litatoa mitungi mingapi ya lita 20. Ni la duara, upana wake mita 2, kimo mita 2. Ujazo, kwa mita za ujazo, ni pai mara 2.

Sasa fungua Python. Kwa 22/7 utapata lita 6,286. Kwa pai ya kompyuta, 6,283. Tofauti haifiki lita 3. Lakini tepu ikikosea sentimita 1 kwenye upana, jibu linahama lita 63, mitungi 3 na ushee! Kwa hiyo muulize mamako anavumilia kosa la kiasi gani. Akisema nusu mtungi, upana upimwe bila kukosea zaidi ya milimita moja na nusu. Hangaika na tepu. Desimali 15 za pai hazitamwongezea hata kikombe.

Ukipenda kuitafuta pai mwenyewe kwa 4 − 4/3 + 4/5 − 4/7, ukiendelea hivyo hivyo, simama kwenye namba ya 2,000. Kosa la ujazo hapo ni lita 1. Nani Kabati atakulaumu?

Ila usisimamishe kila kitanzi cha kujumlisha kwa sababu tu hatua zimekuwa ndogo. Jumlisha 1 + 1/2 + 1/3, ukiendelea hivyo hivyo: kwenye namba ya 10,000 hatua ni 0.0001 na jumla ni 9.79. Fika milioni moja, jumla ni 14.39, na haitakoma kupanda.

Usiulize pia kama 0.1 + 0.2 ni sawa na 0.3. Python itakataa, kwa kuwa sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa 0 na 1. Uliza kama tofauti iko chini ya kosa unalolivumilia.

Kisha zidisha kosa dogo la ile sehemu ya kumi kwa idadi ya marudio. Saa ya mtambo wa kuzuia makombora wa Patriot kule Dhahran, Saudia, ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde. Baada ya saa 100 ilikuwa imepotoka kwa sekunde 0.34, na tarehe 25 Februari 1991 kombora la Scud likapita bila kuzuiwa, likaua wanajeshi 28. Kwa tangi, sekunde 0.34 si kitu. Kwa kombora, ni zaidi ya nusu kilomita.