Sensa ya Lori Langu: Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Waranti

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Waranti,
Kampuni Iliyoniuzia Lori
(jina nalihifadhi, kama ninyi mnavyohifadhi spea).

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Lumino, wilaya ya Busia, pale njia panda ambapo barabara inayotoka Musita inagawanyika, mkono mmoja ukielekea Busia mjini na mwingine ukishuka ziwani Majanji. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, Baraza la Mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na tangu siku hiyo natafuta ofisi ya kukijaribia. Pili, Kiingereza chenu nimekisoma mara tano, na mara zote tano kilikuwa sentensi moja iliyogongwa muhuri: hitilafu haikuonekana.

Kweli haikuonekana. Nami si mtu wa kubishana na muhuri.

Nilipofika nyumbani mara ya kwanza nikamwambia mama watoto kuwa lori lina shida ya sensa, aliniuliza, “Si walishapita?” Hakukosea. Mwezi Mei 2024 makarani wa sensa walipita Lumino na vishikwambi vyao, wakauliza tuko wangapi, nani kalala wapi, na hata choo chetu ni cha aina gani. Nikamweleza kuwa hii ni sensa nyingine, ya krenki, kidude kinachotosha kiganjani. Lakini kadiri nilivyozidi kufikiri, ndivyo nilivyoona kuwa mke wangu anaijua injini kuliko mimi.

Maana kidude hicho ni karani wa sensa hasa. Kimekaa pembeni ya flaiwili, hakigusi kitu, kazi yake ni kuhesabu meno yanayopita mbele ya pua yake. Katika injini nyingi kuna mahali pameachwa pengo kwa makusudi, kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza, ili karani akiliona pengo ajue mzunguko umeanza upya. Hesabu anaipeleka kwa kompyuta ya injini, na kompyuta ndiyo inayoamua nozeli ipi imwage dizeli na kwa wakati gani. Karani akinyamaza, kompyuta haijui pistoni ziko wapi, basi inakata dizeli. Hakuna moshi wala kishindo. Lori linazima tu, kama redio iliyoishiwa betri.

Karani wetu ana udhaifu mmoja, hapendi joto. Ndani yake mna waya mwembamba kama unywele uliozungushwa kwenye sumaku. Ukipata moto unatanuka, na pale ulipopasuka panaachana. Ukipoa, panakutana tena kana kwamba hapajawahi kutokea neno. Ndoa nyingi tunazozijua ziko hivyo, na hakuna aliyeziandikia kuwa hitilafu haikuonekana.

Sasa nikupe safari yenyewe, kwa kuwa ripoti zenu zote tano hazina hata jina la kijiji. Lori linatoka Lumino na mahindi, linavuka Busia, linapita Bumala, Ugunja, Yala, Luanda na Maseno, linashuka Kisumu, na karani anahesabu bila kukosea jino. Ahero inapitwa, na Awasi pia. Halafu mlima wa Kericho unaanza. Gia zinashuka, injini inanguruma mzigoni bila kupumzika, na joto linajaa chini ya kebini. Karibu na Kapsoit, chai ikiwa imetanda kijani kila upande, karani anaweka kalamu chini.

Dereva wangu anavuta handibreki. Tanboi anaruka na jiwe mkononi kuzuia gurudumu, kisha anakata matawi na kuyatandaza barabarani, kwa sababu pembetatu yetu ilikwenda na gari la watu lililokuja kutusaidia. Wanakaa ukingoni. Baada ya dakika 40 hivi dereva anapiga stata na injini inawaka, tena kwa furaha, kama mtu aliyetoka kulala mchana.

Utaniruhusu niseme jambo moja bila mzaha. Lori lenye mzigo likizimika mlimani, usukani unakuwa mzito kama kulima mwambani, na kompresa haijazi tena upepo wa breki. Barabara hiyo hiyo, mbele kidogo pale njia panda ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia likawavamia wachuuzi na abiria pembezoni, na watu zaidi ya 50 wakafa. Sisemi ile ilikuwa sensa. Nasema tu kwamba kila dereva wangu anapochelewa kupiga simu, mimi huanza kuhesabu, na simu ikilia huogopa kuipokea.

Nirudi kwenye mzaha, ambao ni wenu. Lori linapoletwa kwenu hulala nje ya geti usiku kucha, kwa sababu mnafungua saa tatu. Linaingia yadi likiwa limepoa kama maji ya mtungi. Kijana wenu mwenye ovaroli safi anachomeka mashine, anawasha injini, na karani anahesabu meno kama mtu aliyeahidiwa cheo. Mara ya pili nilisimama karibu, nikaona kioo cha mashine kikionyesha namba 190, na mkia wake 2, na kwamba jambo hilo limetokea mara 7.

“Hiyo je?” nikauliza.

“Hiyo ni ya zamani, Mzee. Si ya sasa.”

Akaifuta.

Mheshimiwa, nilifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kununua lori, na mwalimu hawezi kuona namba ikifutwa ubaoni bila kuuliza ilikuwa ya nini. Nikamwomba mwanangu anitafutie. Namba hizo, kumbe, si za kampuni yenu. Zimo katika kanuni ya J1939 ya SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, na malori ya dunia nzima husemea humo. 190 ni kasi ya injini, yaani hesabu ya karani wetu. Na mkia wa 2 maana yake ni taarifa isiyotulia, inayokuja na kuondoka, au isiyo sahihi.

Soma tena hapo, tafadhali. Wahandisi wazima walikaa kikao wakakubaliana kuwa ugonjwa wa kuja na kuondoka nao ni ugonjwa, wakaupa namba yake, tena kabla ya namba 5, ya saketi iliyokatika moja kwa moja. Lori likaiandika namba hiyo mara 7 kwa mkono wake. Ninyi mkasema, kwa kuwa ugonjwa umeondoka, haukuja.

Hapa ndipo ninapowakumbuka makarani wa Mei 2024. Kanuni yao ilikuwa rahisi: unahesabiwa pale ulipolala usiku wa kuamkia tarehe 10. Aliyelala Majanji kwenye boti alihesabiwa Majanji, na mgeni aliyelala kwa shemeji yake alihesabiwa kwa shemeji. Hawakutuambia twende makao makuu Kampala saa tatu asubuhi ili watakaoonekana ndio wawe Waganda. Kama wangetumia utaratibu wa waranti, taifa lenye watu milioni 45.9 lingetoshea kwenye yadi moja na nafasi ya kuegesha ikabaki.

Au tuseme mahindi, kwa kuwa ndiyo yanayotulisha. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa siku chache kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa sumu hiyo isizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Tulilalamika, lakini tulielewa. Mkaguzi anachoma gunia kwa bambo, anatoa konzi moja ya mahindi, na konzi ile inasema ukweli wa lori zima. Hakuna aliyewahi kuiona punje ya sumu hiyo kwa macho. Ajabu ni kwamba sehemu 10 katika bilioni zinaaminika mpakani, na tani nzima nzima za lori lililolala katikati ya barabara haziaminiki ofisini.

Niliwahi pia kupiga simu upande wa pili, kwa wenzenu wanaouza malori ya chapa ile ile Kenya, kwa kuwa huko ndiko lori linakofia. Dada mwenye sauti nzuri akaniambia waranti yangu ni ya Uganda. Sikumlaumu. Marais wawili walifungua kituo kimoja cha mpaka hapa Busia mwezi Februari 2018 ili mzigo usimame mara moja tu badala ya mara mbili. Sisi wa hapa hata neno bodaboda tuliwazalia, kwa kazi hiyo hiyo ya kuvusha watu. Waranti peke yake ndiyo haijapata pikipiki.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana barua yenu ya mwisho ilikuwa ndefu kuliko zote tano zilizotangulia.

Ni kweli, nilikwenda kwa fundi wa umeme Busia, kijana anayefanyia kazi chini ya mwembe. Hakuwa na mashine ya kuchomeka. Alinisikiliza, na hilo tu lilikuwa kipimo kipya. Akauliza, “Huzima ikiwa na moto, huwaka ikipoa?” Nikasema ndiyo. Akainamisha kebini, akafungua bolti moja kwa spana namba 10, akaitoa sensa, akaifuta kwa shati lake. Akaigusisha nyaya za mita ya kupima ukinzani wa umeme, mita ikaandika 960. Kisha akamgeukia mama anayeuza chai hapo kando, akamwomba sufuria.

“Unataka kupika nini?” mama akauliza.

“Karani,” nikajibu mimi.

Tukaitumbukiza pua ya sensa kwenye maji yanayochemka. Tulikuwa vichwa vinne juu ya sufuria: fundi, dereva, mama chai na mimi. Mita ikapanda taratibu, 1,050, 1,120, 1,190. Halafu tarakimu zikatoweka zote, ikabaki 1 peke yake upande wa kushoto, ambayo kwenye mita za bei nafuu ni namna ya kusema njia imekatika. Fundi akaitoa, akaimwagia maji ya kopo. Ikarudi 970. Akatumbukiza tena, ikakatika. Akarudia mara ya tatu kwa ajili ya mama chai, ambaye alikuwa amegeuka kumhudumia mteja na hakuona vizuri.

“Hata mimi,” mama akasema, “nikikaa na moto mchana kutwa sihesabu chenji sawasawa.”

Kazi yote ilikwisha kabla chai yangu haijapoa. Fundi akairudisha sensa mahali pake, kwa sababu nilimkataza kufunga mpya, mkataba wenu ukisema spea ya nje inaua waranti ya injini nzima. Nikaja kwenu na maelezo yangu, nikidhani nimewasaidia. Kijana wa ovaroli hakuchomeka hata mashine. Alimulika tochi kwenye bolti, akaona alama yenu ya rangi ya njano imevunjika, na barua ikaandikwa siku ile ile: kifaa kimeguswa na mtu asiyeidhinishwa.

Nakupongeza kwa dhati. Hitilafu iliyotokea mara 7 haikuonekana kwa ziara tano, lakini vidole vya fundi wangu vilionekana dakika ya kwanza. Jicho mnalo, basi. Ni suala la kulielekeza tu.

Wakili mmoja wa Busia amenishauri nitaje Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, inayotaka bidhaa iifae kazi iliyonunuliwa kuifanya. Nimeitaja. Nilimuuliza inasemaje juu ya bidhaa inayofaa asubuhi tu, akaniambia ushauri wa bure umeishia hapo.

Kwa sasa tunaishi kwa kubatiza. Dereva anabeba dumu la maji na kipande cha blanketi kuukuu. Wakifika Kapsoit injini ikazima, wanainamisha kebini, wanaiwekea sensa blanketi bichi kichwani kama mgonjwa wa malaria, na badala ya dakika 40 wanasubiri 15. Tanboi amekuwa hodari, siku hizi anasema anaisikia injini ikianza kuona haya kabla haijazima.

Mkataba wangu unasema miezi 24 au kilomita 200,000, chochote kitakachotangulia. Kilomita bado. Miezi imebakiza siku 19. Kwa hiyo nakualika rasmi: Jumatatu, saa kumi alfajiri, njia panda ya Lumino. Utakaa katikati, tanboi atahamia kwenye kitanda cha nyuma. Vaa koti, mlima wa Kericho una baridi, ingawa injini haijasikia habari hiyo. Chai ya njiani ni juu yangu. Tukifika Kapsoit hutakuwa na kazi nyingi, utashika ncha moja ya blanketi.

Na muhuri uje nao. Bampa ya lori ni pana, tutaandikia hapo hapo.

Wako katika kupoa,
Mwenye lori,
Njia panda ya Lumino.