Kazi Nane za Watu Wasioridhika na Jibu la Kwanza

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kila ukoo hupata wataalamu wapya wa kugawa vipaji. Huyu kapata A ya hesabu, basi ana kichwa cha uchambuzi. Yule kapata D, atafutiwe kitu cha kufanya. Mjomba kasema, kesi imefungwa. Mimi naomba kuifungua upya. Uchambuzi si kupenda namba. Ni ile tabia ya kuletewa jibu zuri, lililonyooka, na bado ukauliza: limetoka wapi, na nani hakuhesabiwa? Wapo wenye A wasioijua tabia hiyo, na wapo wenye D waliozaliwa nayo, nao ndio watoto tunaowaambia kila siku waache ubishi. Hizi hapa ni kazi nane zinazowalipa wabishi. Nimezipanga kurudi nyuma, kuanzia ya nane hadi ya kwanza, kwa mapenzi yangu. Mwenye mpangilio wake aje nao, tubishane.

8. Mtaalamu wa takwimu bima

Huyu ndiye anayepanga bei ya bima unayoilalamikia. Mwaka 1693 Edmond Halley, mwanafalaki yule ambaye nyota yenye mkia inaitwa kwa jina lake, alichukua kumbukumbu za waliozaliwa na waliokufa katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Akatengeneza jedwali: kati ya watu wa umri huu, wangapi hufika mwakani? Kwa jedwali hilo akaonyesha pensheni ya maisha ingepaswa kuuzwa bei gani. Kazi ni hiyohiyo mpaka leo. Muulize wewe utakufa lini, atasema hajui, na ni kweli hajui. Mpe watu laki moja wa rika lako, atakutajia watakaokosekana mwakani ni wangapi, na hatakosea sana. Usimpe tu kipaza sauti kwenye sherehe ya babu kutimiza miaka 80.

7. Mchambuzi wa soka

Tulieni vijiweni, zamu yenu imefika. Tarehe 18 Machi 1950, Swindon, Uingereza, ofisa wa jeshi la anga aitwaye Charles Reep alitoa daftari akaanza kuandika kila pasi ya mechi aliyokuwa akiitazama. Hakuacha kwa miaka mingi. Daftari likamwonyesha kwamba takriban mabao 8 kati ya 10 yalitokana na pasi tatu au pungufu. Akahitimisha: acheni kuuchezea mpira, pigeni mbele. Wapo makocha wa Kiingereza walioipokea hoja hiyo kama wahyi.

Sasa msomaji, simama hapo hapo umkamate kabla sijamkamata mimi.

Umeona? Hakuuliza ni mashambulizi mangapi kwa jumla yalikuwa ya pasi tatu au pungufu. Yalikuwa zaidi ya 9 kati ya 10! Yaani pasi chache zilikula zaidi ya asilimia 90 ya nafasi zikaleta asilimia 80 ya mabao, na pasi nyingi zikapewa chini ya asilimia 10 zikaleta asilimia 20. Daftari lilikuwa linapiga kelele kinyume cha alichokisema mwenyewe. Bidii ya Reep naiheshimu kwa moyo wote, maana alihesabu wakati wengine wanapiga domo. Kilichomponyoka ni swali moja dogo: kati ya ngapi? Mtani wako wa Simba au Yanga akikujia na takwimu zake Jumatatu asubuhi, mwulize hilo, kisha ukae ufurahie ukimya.

6. Mtabiri wa hali ya hewa

Mtumishi anayesemwa kila siku na wanaoanika nguo. "Walisema mvua, mbona jua?" Haya, tumtendee haki. Mtabiri akisema uwezekano wa mvua ni asilimia 70, siku moja haiwezi kumhukumu. Kusanya siku zote alizosema 70, uhesabu: ikiwa mvua ilinyesha karibu siku 7 katika kila 10, huyo ni bingwa, hata kama harusi ya binti yako iliangukia kwenye zile tatu.

Na wana moyo wa kusahihishana. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1997 sote tunaziita za El Nino, na kweli El Niño, ile ya Bahari ya Pasifiki, ilikuwepo, tena kali. Lakini watafiti walioendelea kuchimba wakamkuta mshiriki mwingine karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 1999 ilielezwa kwamba Bahari ya Hindi ina mtikisiko wake: upande wetu wa magharibi maji yakipata joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia yakipoa, vuli huja na vishindo. Kwa hiyo mtabiri wa Dar es Salaam anayetangaza "wastani hadi juu ya wastani" amekwisha kutazama bahari mbili kabla hujafungua dirisha. Mwache anywe chai yake.

5. Mkaguzi wa hesabu

Watu hudhani mkaguzi ni mtu wa kuchosha. Mimi namwona ndiye mpelelezi pekee anayeweza kumkamata mwizi kwa tarakimu ya kwanza.

Mwaka 1881 Simon Newcomb wa Marekani aligundua kwamba vitabu vya majedwali ya logi vimechakaa zaidi kurasa za mwanzo, zile za namba zinazoanza na 1. Mwaka 1938 Frank Benford akakusanya zaidi ya namba 20,000 za kila aina, toka maeneo ya mito hadi idadi za watu wa miji, akaona jambo lilelile: namba zinazoanza na 1 ni karibu 30 katika kila 100, zinazoanza na 9 hazifiki 5. Malipo halisi ya ofisi kubwa mara nyingi hufuata mkondo huo. Anayebuni malipo usiku, akidhani anazichanganya vizuri, huzisambaza tarakimu sawasawa, na usawa huo ndio unaomuumbua. Tena kama malipo ya milioni 10 yanahitaji saini ya mkurugenzi, angalia yatakavyojaa ya milioni 9 na laki 8. Hongera, ndugu, umejitaja.

Lakini mkaguzi mzuri hakimbilii pingu. Kipimo hiki hakifai kwa urefu wa watu wala namba za simu, na hata panapofaa kinaonyesha tu pa kuanzia kufukua. Na hapa nina ombi kwa kila anayesubiri ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, iingie bungeni: hati safi haina maana kwamba hakuna aliyeiba. Maana yake ni kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa kufuata viwango na hazina dosari kubwa ya kumpotosha msomaji. Halmashauri yenye hati safi inaweza kuwa imenunua, kwa risiti halali kabisa, mashine ambayo haijawahi kuwashwa. Wanaoshangilia hati bila kusoma kurasa za ndani wanamwacha mkaguzi ahangaike peke yake, na hilo linaniuma.

4. Mnasa matapeli wa simu

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Ujumbe huo umewafikia mpaka watu wasiodaiwa na yeyote duniani. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na matapeli hawakuchelewa kuja na mkeka wao. Anayewafukuza hasomi ujumbe, anasoma mwenendo: laini iliyosajiliwa juzi, inapokea kutoka kwa watu wasiohusiana, na pesa inatolewa kabla haijapoa. Mmoja mmoja, hakuna kosa katika hayo. Yakikutana matatu, tapeli kaacha nyayo. Ombi letu kwa wataalamu hawa ni moja tu: ongezeni kasi, bibi zetu bado wanatuma.

3. Mchunguzi wa ajali za ndege

Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet ilianza safari za kwanza za abiria kwa injini za jeti, London hadi Johannesburg, na Entebbe ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Dunia ikapiga makofi. Tarehe 10 Januari 1954 moja ikapasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, wakafa wote 35. Ndege nyingine za aina hiyo zikasimamishwa. Wahandisi wakaorodhesha kila walichokishuku, moto wa injini ukiwamo, wakarekebisha mambo kwa makumi, wakaziruhusu ziruke mwezi Machi. Tarehe 8 Aprili nyingine ikaanguka karibu na Naples.

Hapa sitanii. Walikuwa wamerekebisha kila kitu isipokuwa kile wasichokijua.

Ndipo huko Farnborough, Uingereza, wakafanya jambo la subira kubwa. Walichukua Comet nzima wakaizamisha kiwiliwili kwenye tangi la maji, wakawa wanaongeza na kupunguza mgandamizo ndani yake, usiku na mchana, kana kwamba inapaa na kutua. Baada ya mizunguko kama 3,000, ukijumlisha na safari ilizokwisha kuruka, ikapasuka kuanzia kwenye kona ya tundu la dirisha. Metali ilikuwa imechoka. Kila abiria anayelala fofofo angani leo, mdomo wazi, anawalalia watu waliokubali kusema "bado hatujui" mbele ya kampuni na serikali zilizotaka jibu la haraka.

2. Mfuatiliaji wa magonjwa ya mlipuko

Soho, London, mwisho wa Agosti 1854. Kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika mtaa mmoja, na wakubwa wote walijua sababu: hewa chafu. Daktari John Snow hakushawishika. Akaweka alama kwenye ramani, vifo vikajikusanya kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street.

Mpaka hapo wengi tungetangaza ushindi. Snow aliwageukia wale wasiofuata mkondo. Kiwanda cha bia kando ya pampu, wafanyakazi wazima. Kwa nini? Walikuwa wanakunywa bia ya kazini. (Msiikate sehemu hii mkaipeleka nyumbani kama ushauri wa daktari.) Halafu mjane mmoja akafa Hampstead, mbali kabisa na mlipuko. Kwa nini? Aliyapenda maji ya Broad Street, akawa analetewa. Bia na mjane ndivyo vilivyoibana kesi, kuliko zile nukta zote. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa.

Shujaa wangu wa pili ni Henry Whitehead, kasisi wa mtaa, aliyeingia nyumba hadi nyumba akitaka kuonyesha Snow kakosea. Akaishia kumgundua mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeugua mwanzo kabisa, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo lililokuwa karibu na kisima. Kwenda kumpinga mtu ukarudi na ushahidi wake mkononi, na ukausema hadharani! Watu wa namna hiyo wangepewa mishahara miwili.

Nasi tulikuwa na wetu. Kipindupindu kilipoikumba Zanzibar mwaka 1869 na 1870, daktari James Christie aliyekuwa akitibu huko alifuata nyayo za ugonjwa kwenye njia za misafara na majahazi, akauliza wasafiri na wafanyabiashara, akachapa kitabu mwaka 1876. Bila habari za wabeba mizigo na manahodha, Christie asingekuwa na cha kuandika.

1. Afisa wanyamapori

Mnashangaa? Mlitarajia mtaalamu wa kompyuta. Subirini.

Tembo hawajazi fomu za sensa. Afisa hupanda ndege ndogo, huhesabu kwenye mikanda iliyopimwa tu, kisha hukadiria eneo zima. Na haishii kwa walio hai, anahesabu mizoga pia, kwa kuwa mizoga ikizidi kiasi fulani ikilinganishwa na walio hai, kuna mkono wa mtu. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014. Wenzao wa maabara, wakiongozwa na Samuel Wasser wa Marekani, wakalinganisha vinasaba vya pembe zilizokamatwa bandarini na vya kinyesi cha tembo wa kila upande wa Afrika. Mwaka 2015 wakatangaza kwamba pembe nyingi za tembo wa savana zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kinyesi kikawa shahidi wa serikali, na hakikuyumba.

Lakini nimeipa nafasi ya kwanza kwa sababu ya mtu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari Magamba, kijana Erasto Mpemba aliweka maziwa ya moto ya aiskrimu kwenye friza bila kusubiri yapoe, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, mwanafizikia Denis Osborne akaja kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akauliza tena palepale mbele ya watu. Osborne naye alidhani kijana amekosea, ila alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanyike. Fundi wa maabara akaleta habari kwamba ya moto kweli yametangulia kuganda, ila wangerudia mpaka wapate matokeo sahihi. Fundi, baba, hayo ndiyo yalikuwa matokeo! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha andiko lao, na Mpemba akaenda zake kuhifadhi wanyamapori.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walisema hawakuiona hali hiyo kwenye maji kwa uhakika, na kwamba kipimajoto kikisogea sentimita moja tu kinaweza kuidanganya maabara. Mwaka 2020 wengine, Kanada, wakaipata waziwazi kwenye chembe ndogo sana zinazoelea majini, na sasa inawindwa mpaka kwenye fizikia ya kwantamu. Wote hao, wanaokubali na wanaokataa, wanaliita jambo hilo kwa jina la kijana wa Magamba.