Flasha Haina Kosa

Mwenye pikipiki akishafunga taa za LED kwenye indiketa, kinachomshangaza si mwanga. Mwanga ni uleule alioahidiwa dukani, mkali, wa kumfanya dereva wa daladala aliye nyuma afumbe jicho moja. Kinachomshangaza ni kasi. Indiketa iliyokuwa ikiwaka na kuzima kwa adabu sasa inapepesa mbiombio bila kuvuta pumzi. Hapo kijiwe kizima cha bodaboda kinageuka chuo cha ufundi: mmoja anasema betri imechoka, wa pili anasema taa ni feki, wa tatu anataka swichi ifunguliwe, na wa nne, ambaye hana pikipiki, ndiye mwenye uhakika kuliko wote. Nawaheshimu wote wanne, ila washtakiwa wao hawana hatia. Hata flasha, kile kidude kinachozima na kuwasha indiketa, haina kosa. Inafanya kazi yake sawasawa, tena kwa uaminifu unaoudhi.

Hesabu yake si ngumu. Pikipiki nyingi ndogo za volti 12 tunazopanda huwa na balbu za indiketa za wati 10, mbili kila upande. Ukikata kushoto, balbu hizo zinakula wati 20, yaani mkondo wa kama ampea 1.7 unapita kwenye flasha. Flasha ya kielektroniki huupima mkondo huo. Balbu moja ikiungua, mkondo unabaki nusu, na flasha huongeza kasi makusudi ili dereva aone kwenye dashibodi kwamba kuna taa imekufa. Sasa wewe umeng'oa balbu zote mbili ukaweka LED za wati 1 kila moja. Mkondo umeshuka hadi ampea 0.17, sehemu moja ya kumi. Flasha ni mzee aliyezoea kugongewa mlango kwa ngumi. Mgeni akibisha kwa ncha ya kidole, mzee anaapa kwamba nje hakuna mtu. Basi inatangaza msiba wakati marehemu wote wawili wanang'aa kuliko jana. Flasha za mtindo wa zamani, zenye ukanda wa metali mbili unaopinda ukipashwa joto na mkondo, hufanya kinyume: mkondo ukiwa haba ukanda haupati joto la kutosha, na taa inawaka ikabaki imetoa macho. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kununua LED zilezile duka moja, mmoja akalalamika kwamba zinakimbia, mwingine kwamba zimeganda, na wote wawili wakawa wakweli.

Dawa ambayo muuza spea huwa mwepesi kuitoa kabatini ni rezista, kile kipande cha alumini cha rangi ya dhahabu chenye mapezi ubavuni, kimeandikwa 50W 6Ω. Inaungwa sambamba na LED ili inywe umeme, flasha idanganyike kwamba balbu ya zamani imerudi. Inafanya kazi, sikatai. Lakini omu 6 kwenye volti 12 zinakula wati 24. Tuirudie hesabu polepole: balbu mbili za zamani, kwa pamoja, zilikula 20. Yaani mtu amelipia taa za kuokoa umeme, kisha amelipia kifaa cha kuula umeme huohuo na zaidi, kisichotoa mwanga hata wa kumulika ufunguo. Kinatoa joto. Injini ikiwa imewaka na volti zimepanda hadi 14, rezista hiyo inafika karibu wati 33, na ikigusa plastiki au ngozi ya waya inaweza kuiyeyusha. Fundi makini huifunga kwenye chuma cha fremu. Fundi mwenye haraka huizungushia selotepu nyeusi na kuisukuma chini ya siti, mahali ambapo abiria ataigundua kabla ya mwenye chombo.

Watetezi wa rezista husema huwa inapata umeme kwenye kona tu, tena kwa vipindi, hivyo hasara ni ndogo. Ni kweli, ila hoja hiyo inakata kuwili: kama umeme wa kwenye kona hauhesabiki, basi hata ule uliookolewa na LED hauhesabiki, na tulikuwa tunabishana bure. Sababu ya maana ya kufunga LED kwenye indiketa ni mtikisiko. Uzi mwembamba ndani ya balbu na barabara ya vumbi yenye matuta havikuumbwa kuishi pamoja, na LED haina uzi wa kukatika. Anayeendesha kwenye lami tupu akiamua kurudisha balbu zake za wati 10 hajakosea chochote. Tatizo litaisha palepale. Ila anayezitaka LED abadilishe kilichopitwa na wakati, yaani flasha yenyewe, aweke ile ya LED ambayo huhesabu muda wake bila kujali mkondo ni mdogo kiasi gani. Aangalie pini tu. Nyingi zina alama za B ya betri, L ya taa na E ya ethi. Ya pini tatu ikiwekwa mahali palipokuwa na ya pini mbili, ile E lazima ivutiwe waya hadi kwenye ethi, la sivyo haitawaka kitu na kijiwe kitafungua kikao kipya.

Wapo wasiotaka kununua chochote: acha ipepese, si ndiyo inaonekana zaidi? Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu taa za vyombo vya moto zinataka indiketa iwake mara 90 kwa dakika, ikizidi au ikipungua kwa 30, na flasha iliyochanganyikiwa inaweza kuivuka 120 bila aibu. Tena inayopepesa mbio kila siku haiwezi kukuonya siku taa itakapokufa kweli. Hapo nitaulizwa, kwa haki kabisa, kama flasha ya LED inaonya. Nyingi hazionyi. Lakini pikipiki si lori. Taa zote nne unaziona ukishuka kununua vocha.

Kuna kituko kimoja kinachobaki hata baada ya flasha mpya: unakata kushoto, zinawaka zote nne. Pikipiki nyingi ndogo zina kitaa kimoja tu cha indiketa kwenye dashibodi, kilichoungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme hupita ndani ya kitaa hicho na kutafuta ethi kupitia taa za kulia. Balbu za zamani hazikushtuka kwa umeme mdogo kama huo, LED zinaushangilia. Fundi redio yeyote ana tiba: dayodi mbili ndogo nyeusi, aina ya 1N4007. Moja inatoka waya wa kushoto, nyingine wa kulia, michirizi yake ya fedha ikielekea kwenye kitaa, na mguu wa pili wa kitaa unapelekwa ethi.

Nakiri flasha mpya ina dosari moja isiyo na hesabu. Ile ya zamani ilikuwa ikigonga tik-tak chini ya siti. Nyingi za LED hazina sauti. Ndiyo maana utakutana na bodaboda Barabara ya Morogoro, imenyooka kama kawaida, inaahidi kukata kulia tangu Mbezi hadi Kibaha. Zipo zenye mlio. Nunua hiyo.