Mama Kijacho na Wanaume wa Vitambi

Gauni la mjamzito unalinunua ukijua kabisa kwamba likikutosha leo, mwezi ujao litakubana, na mtoto akishazaliwa hutataka hata kuliona. Hata hivyo, kwenye duka moja la kisasa hapa Dar es Salaam, lenye kiyoyozi na binti anayekufuata hatua kwa hatua, nililikuta linauzwa kwa bei inayokaribia kodi yangu ya mwezi. Nilipoigeuza lebo, binti akaninong'oneza, "Linavutika, dada." Nikamwambia mshahara ndio hauvutiki.

Mama mkwe wangu, mtu wa Pangani, hakuelewa nahangaika na nini. Kwake yeye jambo hili watu wa pwani walishalimaliza: dera. Dera halina kiuno wala saizi. Unaingia nalo mimba ikiwa changa, unatoka nalo mtoto akiota meno, na kwa shingo ile pana mtoto ananyonya bila mtu kufungua kitu. "Mwanangu, kwa hela ya hilo gauni lako si unapata madera ya wiki nzima?" Hesabu yake haina kasoro. Tatizo ni kwamba ofisini kwetu dera linahesabiwa kuwa nguo ya kupikia futari. Dada mmoja wa masjala aliwahi kuja nalo siku ya Ijumaa, watu wakaanza kumpa pole.

Basi nikaendelea kujibana kwenye blauzi zangu za siku zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwanamke amjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na aambatanishe cheti cha daktari. Muda ulikuwepo wa kutosha, na barua nilikuwa bado naipanga kichwani. Blauzi ikanitangulia. Katikati ya kikao cha bajeti kifungo cha kifuani kilifyatuka, kikavuka meza, kikatua kwenye kisahani cha karanga cha mkurugenzi. Alikiokota, akakiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Hongera sana." Kisha akaendelea na bajeti ya mafuta ya gari.

Jumamosi nikaenda soko la Karume.

Asiyeijua Karume hudhani mitumba ni mitumba tu. Ukitaka kitu cha maana uwahi asubuhi, belo linapokatwa kamba, wakati akina dada wanaouza nguo kwa simu wanapigana vikumbo kuchagua za daraja la kwanza. Ukifika mchana unakuta rundo, na kijana amesimama juu ya meza anaimba "buku tano, buku tano, chagua mwenyewe!" Mle ndani, ukiwa na subira, utakuta suruali za wajawazito kutoka Ulaya na Marekani: kitambaa cha ofisini kabisa, mshono safi, ila pale pa mkanda na zipu pameshonewa utepe mpana wa kitambaa kinachovutika, unaopanda mpaka juu ya kitovu. Aliyeivaa huko alikotoka labda aliivaa kwa msimu mmoja tu. Haijapauka popote.

Shida ni kwamba wauzaji wengi hawaijui ni nguo gani. Niliyoipenda, nyeusi, ilikuwa imeshikwa mguu wa pili na mzee mmoja wa makamo mwenye kitambi cha heshima, na kijana wa meza alikuwa anampigia debe: "Hii bosi wangu ni spesho kwa kitambi. Unakula ugali wako, inakusikiliza."

"Hiyo ni ya wajawazito," nikasema, nimeshika mguu wangu.

Kijana akanitazama tumbo, akaona kuna ukweli fulani. "Mzee, mwachie mama kijacho. Yeye ndiye mwenye shida."

"Shida yake inaisha baada ya miezi mitatu," mzee akajibu bila kuachia. "Yangu mimi ni ya kudumu."

Kusema kweli hoja ilikuwa nzito, na waliokuwa wamesimama pale waliipokea hivyo. Mmoja akasema mzee naye ni binadamu. Mwingine akauliza kwani wajawazito hawana madera. Aliyeniokoa ni mama aliyekuwa amekaa pembeni anauza soksi. Hakuinuka. Alisema tu, "Haya, vutaneni. Uchungu ukimshika hapa, mzee ndiye atakayezalisha." Mguu wa pili ukaachiwa palepale. Ila kijana alikuwa ameshayaona yote yale, na suruali iliyoanza kwa elfu tano sasa ilikuwa elfu nane. Nililipa nane. Huwezi kuvutana hadharani kwa ajili ya nguo halafu useme hukuipenda sana.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Marekani ikaja juu, ikitishia kuzifungia nchi hizi nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru kupitia mpango wa AGOA. Rwanda ilikaza, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Sisi wengine tukarudi nyuma. Najua wapo wanaoona tulikosa msimamo. Mimi nilisimama Karume na mguu wa suruali mkononi, sina usafi wa kuwahukumu viongozi.

Sidiria za kunyonyeshea ni habari nyingine. Nguo za ndani za mtumba zilishapigwa marufuku na Shirika la Viwango kwa sababu za afya, na mimi na katazo hilo hatuna ugomvi, ingawa kila nikipita sokoni nazikuta zimening'inia, zinanisalimia. Nikanunua mpya Kariakoo, kwa bei ya jumla, zenye vindoano vya plastiki begani ili mama afungue kwa mkono mmoja. Kindoano cha kwanza kilikatika mtoto hajazaliwa. Tangu hapo natumia pini, na nikipiga chafya najikagua kwanza ndipo nashukuru.

Halafu kuna fundi wangu, ambaye simtaji jina kwa sababu bado ana kitambaa changu. Nilimpelekea kitenge mimba ikiwa ya miezi mitano, nikamchorea gauni kwenye daftari lake: lipanuke kuanzia chini ya kifua, na kwenye mishono ya kifuani zikae zipu mbili za kujificha, za kunyonyeshea. Akanipima, akaandika namba zake, akasema Jumamosi. Wanaojua mafundi wanajua kwamba Jumamosi ya fundi haina mwezi. Kila nilipopita alikuwa anashona la mtu mwingine, la harusi, na langu "limebaki pindo tu, dada." Pindo lilibaki huku tumbo linasonga mbele. Lilipokamilika nilikuwa mwezi wa nane, na lilinikwamia mabegani.

"Dada, umenenepa," fundi akasema, kwa masikitiko ya kweli.

"Nina mimba."

"Sasa si ungeniambia mapema!"

Aliliokoa kwa kuongeza vipande ubavuni, na kwa kuwa kitenge changu kilikuwa kimeisha (kiliishia wapi, mimi sijui), akatumia cha mteja mwingine. Ukiniangalia mbele naonekana nimevaa mafeni, ukiniangalia ubavuni nimevaa tausi. Zipu nazo alizishusha kidogo kwa maelezo kwamba juu zingeharibu urembo, kwa hiyo zinafungukia usawa wa mbavu. Mtoto anayetaka kunyonya kupitia pale lazima awe na shingo ya twiga.

Nilipojifungua, hizo zipu ndizo zilizonikwamisha kwenye daladala ya Mbagala, jioni, watu wamesimama hadi mlangoni. Mtoto alianza kulia Mtoni kwa Azizi Ali, na zipu ikauma kitambaa ikakataa kwenda juu wala chini. Konda akapaza sauti, "Mama, mpe mtoto haki yake, abiria wanaumia!" Bibi aliyekaa nami akavuta, akashindwa. Mwingine akatoa mafuta ya mgando kwenye mkoba. Hatimaye mwanafunzi wa sekondari akaomba nafasi, akatoa penseli na kuanza kusugua meno ya zipu, huku akitufafanulia kwamba ile nyeusi ya penseli si risasi ila ni grafiti, na grafiti inalainisha. Ikafunguka kwa mkupuo mmoja, basi zima likashangilia. Mtoto alikuwa ameshalala.

Nikarudi kwenye khanga, na nilipaswa kuanzia huko. Doti moja ina vipande viwili: kimoja unambebea mtoto, kingine unajifunikia akinyonya, kikichafuka unakifua usiku na asubuhi kimekauka. Hakuna duka la kiyoyozi litakaloishinda bei hiyo. Kasoro ya khanga ni moja tu: inaongea.

Likizo ya uzazi kwa sheria ile ile ni siku 84, au 100 ukijifungua pacha, na ukirudi kazini unaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Saa hizo nilikuwa nimeziomba kwa maandishi, bado sijajibiwa. Siku hiyo dada wa kazi alikuwa ameniletea mtoto, nimejibanza naye kwenye stoo ya karatasi, khanga ya mama mkwe imenifunika kuanzia begani, afisa utumishi akabisha na kuingia kuzungumzia hilo ombi langu. Alifungua mdomo, macho yakamwangukia kwenye maandishi yaliyokaa wazi kifuani pangu: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Aliyasoma yote. Akakohoa.

"Saa mbili zako zipo kisheria, dada," akasema akirudi kinyumenyume. "Hakuna haja ya kufika huko."

Sasa wifi yangu wa Kigamboni ni mjamzito, na nikamwahidi suruali nyeusi ya Karume. Kabatini sikuiona. Mume wangu alikuwa sebuleni anaangalia mpira, ameivaa, utepe umempanda hadi kitovuni, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane namwona anamaliza sahani ya pilau bila kulegeza mkanda. Nikamweleza ni nguo ya nini. Akasema aliyeitengeneza ana akili, bila kutoa macho kwenye mpira. Wifi amevuka na pantoni kuja kuidai mwenyewe, na hivi ninavyoandika wapo sebuleni wanavutana. Kaka mtu anataka elfu nane.