Treni ya Mugumu na Fundi wa Volti

Wilaya za Tarime na Serengeti hazina reli hata ya kusingiziwa. Anayetaka kuona treni apande basi hadi Mwanza, ambako reli ilifika mwaka 1928 na haikuona sababu ya kusogea kwetu. Ndiyo maana binamu yangu aliyeko Ujerumani alipotuma kasha lenye treni ndogo ya umeme, iliyopunguzwa mara 87 kutoka treni halisi, ua wetu wa Mugumu ulijaa watu hadi mbuzi wakakosa pa kupita.

Treni yenyewe ni ya mfumo wa dijitali, DCC, uliobuniwa na kampuni ya Lenz ya Ujerumani, kisha chama cha NMRA cha Marekani kikaufanya kiwango miaka ya 1990. Treni za kuchezea za zamani huongezewa volti ili zikimbie. Hii haina habari hiyo. Reli zake hukaa na volti kama 15 muda wote, na kisanduku cha kuongozea hupitisha amri humo humo kwenye umeme: namba 3 nenda, namba 7 simama. Kila kichwa kina dekoda inayosikia namba yake.

"Mura, reli ina umeme na treni imesimama?" shemeji aliuliza. "Basi hiyo imeshakufa."

Adapta yake haikuwemo kwenye kasha, ikabidi aitwe fundi. Fundi wa kwetu ana swali moja tu maishani: "Volti ngapi?" Akaambiwa 15, akachomoa mfukoni adapta ya redio ya volti 15, ampea nusu. Taa ya treni ikawaka, watu wakapiga vigelegele, treni ikavuta mabehewa shibiri mbili, ikazima.

"Volti hazitoshi," fundi akatoa hukumu.

Volti zilitosha. Volti ni ukali wa mchungaji anayeswaga, ampea ni wingi wa ng'ombe wanaopita langoni kwa mpigo. Mchungaji afoke mpaka sauti imkauke, lango likiwa la ndama ng'ombe hawatoki. Kisanduku kile kinataka lango la ampea 3, maana 15 mara 3 ni wati 45, na adapta ya redio ilikuwa na wati saba na nusu. Adapta ya ampea 5 nayo haichomi kitu, kwa kuwa treni huchukua inachohitaji tu. Kwa adapta, kinachochoma ni volti kuzidi.

Baba mdogo hakungoja somo liishe. Alifungua betri ya bodaboda yake, volti 12, akaunga nyaya moja kwa moja kwenye reli. "Volti 12 haijawahi kuua mtu," alisema, na hakuwa mbali na ukweli. Lakini dekoda isiyopata amri, ikikutana na umeme wa betri, inaweza kudhani iko kwenye reli za zamani na kuachia mwendo wote. Treni ikachomoka, ikaacha reli kwenye kona, magurudumu ya chuma yakaziunganisha reli mbili. Hapo betri haina adabu: hutoa ampea zote ilizonazo. Waya ukafuka moshi, ganda likayeyuka, na baba mdogo akakumbuka ana abiria anayemsubiri Nata.

Adapta ya ampea 4 ilipopatikana Tarime mjini, tulifanya jaribio linalofanywa na wenye treni hizi duniani kote: laza sarafu juu ya reli mbili, kisanduku kizime papo hapo. Karibu na kisanduku, shilingi mia ilikizima mara moja. Kule chini ya mwembe hakikuzima, sarafu ikapata moto. Nyaya zilikuwa ndefu na nyembamba, zikabana umeme hadi kisanduku kikadhani shoti ile ni treni yenye mzigo mzito. Tukaweka waya mnene na kuunga reli sehemu kadhaa. Shilingi mia ikakizima kisanduku kila mahali.

Fundi alipendekeza tuongeze volti. Bibi, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza swali lake: treni inayozimwa na shilingi mia, nauli yake ni shilingi ngapi?