Subira ya Seva

Tangu 1984, kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilipobuni utaratibu wa NFS, uwezeshao seva nyingi kutumia ghala moja la data, mafundi huona fahari kwamba seva iliyofungwa na ghala hilo kwa sharti gumu, ghala likitoweka mtandaoni, haikati tamaa, bali huita na kungoja hata milele. Taajabu gani hiyo? Sisi wa Kisiwa Panza, huko Pemba, ambao mashamba yetu yaingiliwa na maji ya chumvi huku tukiziandikia afisi na kungoja, tumekwisha kuhitimu ilimu hiyo bila ya waya; tofauti ni kwamba fundi, kabla ya kulaumu programu, hutazama kwanza kama njia ipo, ilhali wakubwa wa afisi hutazama kama fomu imejazwa.